Kigoda cha Milansi: Nani Anatusimulia Ufipa Katika Maktaba za Mtandaoni?

Utangulizi

Siku hizi mwanafunzi wa fasihi akipewa kazi ya kuandika juu ya masimulizi ya kwao, jambo la kwanza analolifanya si kupanda basi kwenda kwa bibi. Anafungua simu. Anaandika jina la kwao katika kisanduku cha kutafutia, anangoja kidogo, na kama bando halijakata analetewa orodha: vitabu, picha za zamani, ramani, tasnifu, makala za majarida. Hapana shaka kwamba hii ni neema. Kazi ambazo zamani zilihitaji nauli ya kwenda Dar es Salaam, au hata ya ndege ya kwenda Ulaya, sasa zinaweza kusomwa na mtu aliyekaa kibarazani Chanji, hapa Sumbawanga, huku akiota moto kwa sababu ya baridi yetu ya Juni.

Makala hii haina nia ya kuikataa neema hiyo. Inajaribu kuonyesha jambo moja tu: kwamba hazina za historia ya mahali zinazotolewa mtandaoni na maktaba za vyuo vikuu ni matini, na kila matini ina msimulizi. Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa, tukiletewa ngano, kuuliza nani fanani, nani hadhira, imesimuliwa wapi na kwa lugha gani. Lakini tukiletewa rekodi ya katalogi tunasahau maswali yote hayo na kuipokea kama msahafu. Tutatumia mfano wa Ufipa, kwa sababu ndiko mwandishi anakokufahamu, ila msomaji wa Usambaa, Unyakyusa au Pemba anaweza kubadilisha majina na akaona mambo ni yale yale.

Hazina zenyewe ziko wapi?

Kwa kuanzia, tuanze nyumbani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu maalumu ya Afrika Mashariki ambamo zimehifadhiwa tasnifu, magazeti, nyaraka na vitabu vinavyohusu eneo letu. Humo ndimo yalimo makaratasi ya Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, na aliyekusanya habari za sheria za jadi, ngoma na unyago kutoka makabila mengi hadi alipofariki mwaka 1962. Majarida nayo hayapungui. La kutajwa kwanza ni lile la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936 na baadaye jina lake likageuzwa kuwa Tanzania Notes and Records. Mwaka 2018 Chuo kilizindua maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China, na katika miaka hii tasnifu nyingi zimeanza kuwekwa katika hifadhi ya kielektroniki.

Nje ya nchi, orodha ni ndefu. Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960. Chuo Kikuu cha Southern California kimekusanya mahali pamoja picha za mashirika mbalimbali ya kimisionari. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, imeweka wazi makumi ya maelfu ya picha za iliyokuwa Jumuiya ya Kikoloni ya Wajerumani. Na SOAS, London, kuna miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu ambayo leo unaweza kuikuza kwenye kioo hadi ukaona wino ulivyochuruzika.

Hapo mtu wa Pwani ana haki ya kutabasamu. Babu yake aliandika utenzi kwenye karatasi, karatasi ikapigwa picha, picha ikapandishwa mtandaoni, kazi imekwisha. Sisi wa bara tunafanyaje? Maktaba ya Ufipa ilikuwa kinywa. Kinywa hakipigwi skani. Ndiyo maana ni vizuri kukumbuka kwamba J.W.T. Allen alipochapisha katalogi ya hazina ya maktaba ya Dar es Salaam mwaka 1970, alitaja miswada na kanda za sauti pia. Alitambua kwamba sauti nayo ni hati. Jambo hilo tutalirudia.

Tatizo la majina

Sasa tutafute Ufipa. Hapa ndipo ngoma inapoanza.

Katika Kiswahili, mzizi mmoja unatupa vitu vitatu: Ufipa ni nchi, Wafipa ni watu, Kifipa ni lugha. Viambishi hivyo si mapambo, vina maana. Lakini vichwa vya mada vilivyotungwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo maktaba nyingi duniani huvifuata, vinavua viambishi vyote na kubakiza neno tupu "Fipa", ambalo hakuna mtu wa Chanji analolitumia peke yake. Ukiandika "Ufipa" unapata sehemu tu ya hazina. Ukiandika "Wafipa" unapata sehemu nyingine, hasa maandishi ya mapadri. Ukiandika "Fipa" unapata nyingi zaidi. Kwa maneno mengine, ili uione kwenu yote, lazima ujiite kwa jina ambalo mgeni alikuita.

Majina ya mahali ni mtihani zaidi. Kasanga, bandari yetu ya Ziwa Tanganyika, wakati wa Wajerumani iliitwa Bismarckburg na ndiyo ilikuwa makao ya wilaya. Kwa hiyo picha na taarifa nyingi za Ufipa za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zimejificha chini ya jina hilo la waziri mkuu wa Ujerumani. Na ukishalijua bado hujapona, kwani Wajerumani walikuwa na Bismarckburg nyingine huko Togo! Mwanafunzi asiyejua hilo anaweza kuchukua kilima cha Afrika Magharibi akakiweka katika tasnifu yake kama mandhari ya Ufipa.

Ziwa Rukwa nalo limepitia mkasa kama huo. Mwaka 1880 msafiri Joseph Thomson aliliona na kulibatiza Ziwa Leopold, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina halikudumu, ila katika ramani na vitabu vya miaka ile bado limo. Na huko Kongo nako kulikuwa na Ziwa Leopold II, ambalo leo ni Mai-Ndombe. Tukirudi karibu zaidi, vitabu vya kitaaluma vinaandika Nkansi na Milansi, wakati leo katika barua za serikali tuna Wilaya ya Nkasi, na Milanzi ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, majirani zetu kabisa. Herufi moja tu, lakini mashine ya kutafutia haijui ujirani. Vilevile Mkoa wa Rukwa ulizaliwa miaka ya 1970, na Katavi ukachomolewa humo mwaka 2012. Nyaraka za zamani zinasema Wilaya ya Ufipa basi.

Mhakiki ajifunze nini hapa? Ajifunze kwamba uteuzi wa majina ni sehemu ya fani ya matini hii kubwa inayoitwa katalogi. Kama vile tunavyohoji kwa nini mwandishi wa riwaya kamwita mhusika wake jina fulani, tuhoji kwa nini katalogi imekiita kijiji chetu kwa jina la mtu ambaye hakukiona.

Anayefika wa kwanza

Jambo la pili ni mpangilio. Katika riwaya, msimulizi anayeanza kusema ndiye anayetujengea macho ya kutazamia wengine wote. Mtandaoni pia yuko anayeanza, na anayemchagua ni sheria ya hakimiliki.

Hebu tufikiri. Kitabu ambacho hakimiliki yake imekwisha kinaweza kuwekwa chote, bure, kwa yeyote. Kitabu chenye hakimiliki mara nyingi huonyeshwa jalada na kurasa chache, au kinadai nywila ya chuo. Matokeo yake ni nini? Kijana wa Chanji mwenye simu na bando la siku moja anakutana kwanza na shajara za mwisho za Livingstone, aliyepita ukingo wa ziwa upande wa Ufipa mwaka 1872, zilizochapishwa 1874. Na safari ya Thomson, iliyochapishwa 1881. Hizo ni bure na zimekamilika. Kazi za karibuni, zilizoandikwa na watu waliokaa na kuuliza, ziko nyuma ya mlango: utafiti wa Roy Willis juu ya dola za Ufipa, uliotoka mwaka 1981, tasnifu ya uzamivu ya Anse Tambila juu ya historia ya Rukwa, iliyowasilishwa Hamburg mwaka huo huo wa 1981, naye ni Mtanzania aliyefundisha Historia hapa Dar es Salaam, na kitabu cha Kathleen Smythe juu ya familia za Nkansi na umisionari wa Kikatoliki, cha mwaka 2006. Kwa hiyo mpita njia anasikika kabla ya mkaaji. Eti kwa sababu amekufa zamani zaidi!

Si kwamba Thomson hana faida. Aliwasifu Wafipa kwa bidii ya kilimo na kwa utulivu wao, na sifa hizo tunazisoma kwa furaha, nani asiyependa kusifiwa? Lakini sifa nayo ni mbinu ya usimulizi. Msafiri anayekatiza nchi kwa siku chache anaona kile ambacho njia inamwonyesha, yaani mashamba. Tena tujiulize: aliyasikiaje aliyoyasikia? Msafara wa Thomson uliongozwa na Chuma, yule yule aliyekuwa na Livingstone hadi kifo chake na kusaidia kuubeba mwili wake hadi pwani, kisha akaenda Uingereza na mwenzake Susi kumsaidia mhariri kuzitengeneza shajara. Msafara kama ule haukwenda bila wapagazi na wakalimani. Maneno ya mwenyeji yalipita vinywa viwili vitatu kabla ya kufika kwenye daftari. Katika rekodi ya katalogi, mstari wa mwandishi una jina moja tu. Chuma hayumo. Na mwenyeji aliyejibu maswali, yeye hata katika ndoto hayumo.

Mfano mwingine ni wa wahunzi. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma; matanuru marefu ya udongo, malungu, bado yanasimama sehemu mbalimbali za uwanda wetu, na picha zake zimo mtandaoni. Picha inaonyesha udongo na matundu ya kupitishia hewa. Haionyeshi dawa zilizowekwa chini ya tanuru, wala miiko ya siku za kuyeyusha. Ukitaka hayo unapelekwa kwenye makala ya Padri Wyckaert katika jarida la Anthropos la mwaka 1914, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Kabla hata ya kuifungua, soma anwani yake: inawagawa wahunzi wa Tanganyika katika makundi mawili, wapagani na Wakristo. Mhunzi mwenyewe pengine angejigawa kwa mwalimu aliyemfunza, au kwa ubora wa jembe lake. Lakini anwani imekwisha kutoa hukumu, na mashine ya kutafutia inaibeba hukumu hiyo bila kuihoji, mwaka hadi mwaka.

Fanani yuko wapi?

Sasa tufike kwenye fasihi hasa. Mwaka 1978 Willis alichapisha Oxford kitabu cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa, kutokana na utafiti alioufanya huku miaka ya 1960. Kwa kitabu hicho hadithi zilizokuwa zikisimuliwa jikoni Ufipa ziliwafikia wasomaji wa dunia, kwa Kiingereza. Ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, ukiitafuta katika katalogi yoyote utaona yafuatayo: mwandishi ni Willis, mada ni Fipa, lugha ni Kiingereza, mahali ni Oxford. Hakuna mstari wa fanani. Si kwamba mkutubi ni mtu mbaya; fomu yake haina nafasi hiyo. Fomu ilitungwa kwa ajili ya vitabu, na kitabu kina mwandishi. Ngano ina mtu aliyeisimulia usiku fulani, watoto fulani wakiitikia, na mwanamke mmoja akimkatiza kusema "hapo umeruka". Hayo yote fomu haiyaulizi.

Hebu tuchukue mfano unaojulikana zaidi, ule wa Milansi. Kwa masimulizi yaliyokusanywa na Willis na wengine, Milansi ndicho kijiji cha mwanzo, na mtawala wake wa kwanza ni Ntatakwa. Siku moja mtawala alikuwa mawindoni. Huku nyuma wakafika wanawake wageni kutoka mbali, wakakalia kigoda cha utawala. Mwenyeji aliporudi alikuta mambo yamekwisha kuwa mambo. Hao ndio chanzo cha ukoo wa Watwa waliotawala Ufipa, ambao baadaye uligawanyika katika dola za Nkansi na Lyangalile. Lakini mwenyeji hakufukuzwa. Alibaki na Milansi yake na heshima ya ukubwa wa asili.

Wataalamu wamekifafanua kisa hiki kwa namna nyingi: mwanamume na mwanamke, wa ndani na wa nje, mila na madaraka. Sisi tunaongeza swali la mwanafunzi wa fasihi simulizi: kilisimuliwa na nani? Kwa sababu kisa hiki kikisimuliwa na mtu wa Milansi ni dai: sisi ndio wenyeji, wengine wamekaribishwa. Kikisimuliwa na mtu wa ukoo wa Watwa kinakuwa hati ya umiliki: tulipewa, hatukunyang'anya. Kikisimuliwa na bibi kwa wajukuu wa kike kinaweza kuwa kicheko kuhusu wanaume wanaopenda mawindo na kuiacha nyumba. Visa ni vile vile, dhamira tatu. Ukiondoa jina na nafasi ya fanani, umeondoa dhamira, umebakiza muhtasari.

Hata jina la mji wetu linatufundisha hilo. Kila tovuti itakwambia Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Sawa. Lakini maneno hayo yakisemwa na kondakta kwa abiria mgeni basi linapoingia mjini, ni utani wa kumtia mtu hofu kidogo. Yakisemwa na mzee katika kikao cha ukoo ni onyo: uliyo nayo yaache nje. Yakiandikwa gazetini mara nyingi ni sifa mbaya ya watu wa mkoa mzima. Rekodi ya mtandaoni inatupa tafsiri moja, na kwa kuwa haisemi nani kasema na kwa nani, inakuwa kama mji mzima ndio uliosema.

Pingamizi

Kuna wenzetu watakaosema kwamba mwandishi anatafuta ukamilifu usiowezekana. Watasema: bila Willis, bila mapadri, bila maafisa wa wilaya na vitabu vyao vya kumbukumbu, tungebaki na nini? Mchwa, moto na usahaulifu vingekula vyote. Hoja hii ni ya kweli na hatuwezi kuikwepa. Mzee akifa leo na ngano zake, hakuna nakala. Aliyeandika kwa Kiingereza ametusaidia kuliko asiyeandika kabisa.

Wengine watakuja na hoja ya pili, nayo ina uzito pia: kwamba hata mzee wa leo si chemchemi safi. Amesoma shule ya misheni, amesikiliza redio, pengine kisa cha Milansi amekipata kwa mjukuu aliyekisoma kwenye simu. Ni kweli. Fasihi simulizi haijawahi kuwa maji ya mtungini yasiyotikiswa. Hiyo ndiyo sifa yake. Lakini hoja hii inatia nguvu madai yetu. Kama kila usimulizi unabadilika kwa msimulizi na wakati, basi tarehe na jina ni sehemu ya matini yenyewe. Ngano ya mwaka 1963 na ngano hiyo hiyo ya mwaka huu ni kazi mbili, na zote mbili zinastahili rekodi.

Tatu, ataulizwa: je, kila fanani anataka kutajwa? Hapa lazima tuwe waangalifu. Kwetu mtu anaweza kukusimulia habari za dawa au za ugomvi wa mashamba na asipende jina lake lizagae, na ana haki hiyo. Kumtaja mtu bila ruhusa ni kumkosea mara ya pili. Basi aulizwe. Akikataa, tuandike kwamba alikataa, pamoja na umri wake, mahali na lugha aliyotumia. Hata kimya chake kina habari.

Tufanye nini?

Lawama pekee hazijengi. Kwa maoni yetu kuna mambo manne ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyafanya bila kusubiri mradi wala mfadhili.

Kwanza, asome rekodi kabla ya kusoma kilichomo. Aulize: nani ameandika, kwa ajili ya nani, mwaka gani, nani alimtafsiria, na kwa nini hiki ni bure na kile kimefungwa? Maswali haya yaingie katika sura ya kwanza ya tasnifu, yasiachwe kwenye tanbihi.

Pili, atafute kwa majina yote. Ajitengenezee orodha yake: Ufipa, Wafipa, Kifipa, Fipa, Kasanga na Bismarckburg, Rukwa na Leopold, Milanzi na Milansi. Orodha kama hiyo ikibandikwa ukutani maktabani ingewaokolea wengi muda na bando.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuangalie tasnifu zetu wenyewe. Kila mwaka wanafunzi wanarudi makwao kukusanya ngano, methali na nyimbo. Kisha nini? Kifipa kinatupwa, tafsiri ya Kiswahili inabaki, na fanani anageuka kuwa "mhojiwa namba 7". Tunamlalamikia mgeni kwa kosa ambalo sisi tunalirudia kwa uhodari zaidi. Ngano ya Kifipa iandikwe kwanza kwa Kifipa, na tafsiri ifuate. Sauti irekodiwe, maana kila simu ina kinasa sauti, na Allen alikwisha kutuonyesha kwamba kanda ina haki ya kukaa rafu moja na mswada. Jina la fanani, akiridhia, liwekwe katika ukurasa wa mbele, si kiambatishoni. Tukifanya hivyo, tasnifu zitakapopandishwa katika hifadhi ya Chuo zitakuwa zimebeba kile ambacho fomu ya zamani ilikiacha.

Nne, nakala irudi nyumbani. Mzee aliyetoa saa tatu za usiku wake hana nywila ya chuo. Nakala moja iliyochapwa ikiachwa katika shule ya kata, na faili la sauti likitumwa kwa simu ya mjukuu wake, yatosha kuanzia. Huko ndiko kwenye hadhira inayoweza kusema "hapo umeruka", na bila hadhira ya namna hiyo hakuna mhariri wa kweli wa fasihi simulizi.

Hitimisho

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatuna ugomvi na wageni waliotuandika, wala na maktaba za mbali zilizozitunza picha za matanuru yetu vizuri kuliko sisi tulivyoyatunza matanuru yenyewe. Lakini kisa cha Milansi kinatuonyesha kwamba mgeni alikuta kigoda kitupu kwa sababu mwenyeji alikuwa mawindoni. Kigoda cha kuisimulia Ufipa nacho kilikutwa hivyo hivyo, na walioketi wameketi. Kinachobaki mikononi mwetu ni kile alichobaki nacho Ntatakwa: Milansi, yaani mahali, lugha na majina ya wasimulizi. Hivyo havipatikani Frankfurt wala London, kwa sababu havijawahi kupelekwa. Viko Chanji, Milanzi, Kasanga na Namanyere, kwa watu ambao umri umewapita, na likizo ijayo ya mwanafunzi ni ndefu ya kutosha kwenda kuwasikiliza.